Baba Siti na Mlango wa Ndege

Kwako Baba Siti,

Barua hii haina bahasha, na si kwa kuwa bahasha zimeadimika Msambweni. Nimeikunja tu nikampa dada yako Mwanakombo, ambaye mpaka leo ananiita wifi, na nimemwambia aisome njiani akitaka, na akikuta watu wa kuwasomea, awasomee. Wewe hadithi yako umeisimulia hadharani kutoka Shimoni hadi Tiwi. Yangu nayo na iende hivyo hivyo, kichwa wazi.

Utashangaa kuona mwandiko ni wangu. Ni yale masomo ya jioni ya watu wazima uliyokuwa ukiyacheka, ukisema kalamu itanitoa malengelenge. Niliyamaliza, na vidole vyangu vizima. Nakuombea afya njema, tena nakuombea kwa moyo wote, maana Jumatatu nakuhitaji uwe mzima na usimame kwa miguu yako mwenyewe mbele ya kadhi.

Unajua linalotupeleka huko. Siti wetu amefika umri wa kupambanua mambo, na sheria ya dini inampa haki ya kuulizwa anataka kukaa kwa baba au kwa mama. Wewe umesubiri umri huo kwa hamu, na hilo silikatazi, mtoto ni wako pia. Lakini amerudi kwangu baada ya Idi akiwa amevaa gauni jipya na amejaa maneno. Nilikuwa jikoni. Akaingia mbio, hata hakuniamkia, akasema, "Mama, kumbe Baba ndiye aliyetuokoa kwenye ndege!" Kisha akaushika mlango wa jiko kwa mikono miwili, akauma meno, akajivuta nyuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ili anionyeshe ulivyofanya. Nikageukia chungu changu cha mchuzi. Sikutaka auone uso wangu.

Basi ndiyo hivyo. Unataka kumchukua mwanangu kwa mlango ule. Na ndani ya ndege ile tulikuwa watu wanne tu, mmoja akiwa mtoto wa kubebwa. Hebu tuuzungumze mlango huo, mimi na wewe, tuliokuwapo.

Unakumbuka ulivyokuja kuniposa? Ulikuja na baiskeli, ukipiga kengele kutoka barabara ya kiwandani hadi uani kwetu, na njiani hapakuwa na mtu wala kuku wa kupishwa. Mama yangu alisema, "Huyu ni mtu wa makelele." Mimi nikaipenda kengele ile. Nilikuwa msichana, nikadhani mwenye sauti kubwa ndiye mwenye kifua. Ulikuwa nyapara katika mashamba ya miwa ya Ramisi, na asubuhi nikiwa ndani kwetu nilikuwa nasikia unavyowakaripia wakataji miwa, nikawa najisemea kwamba nyumba yenye mume kama huyu haiwezi kupatwa na jambo. Nacheka nikikumbuka. Nacheka hasa kwa jinsi nilivyojivuna.

Sasa njoo kwenye ile masika. Mvua ilinyesha mpaka daraja likaenda na maji, barabara ya kusini ikakatika, na mimi na Siti tukakwama Mombasa kwa shangazi yangu wa Majengo. Kule kwenu Ramisi kiwanda cha sukari kilikuwa kimesimama, gurudumu la meno limevunjika, na miwa iliyokatwa inaanza kuchacha. Ukatumwa Mombasa uliweke gurudumu jipya kwenye ndege ya kukodi na urudi nalo. Ulikuja Majengo umevaa kanzu mpya, koti juu yake, na kofia ya viua. Habari ya kusafiri hukunipa mimi. Uliwapa majirani, ukiwa umesimama katikati ya uchochoro: "Mke wangu na binti yangu watarudi nyumbani kwa ndege!" Shangazi akapiga kigelegele. Nami nikafunga mizigo yangu nikiwa nafurahi, nisikufiche.

Uwanjani tukamkuta rubani. Kapteni Yusufali, Muhindi wa Kibohora wa Mombasa, mtu mwembamba mwenye miwani, shavu limejaa tambuu, na mkebe wake wa kutemea uko miguuni. Ulimtazama juu chini, ukaniambia kwa Kidigo, ukidhani hasikii, kwamba huyu alitakiwa awe dukani anapima vitambaa. Alisikia. Nilimwona akitabasamu. Akaendelea kulifunga lile gurudumu kwa kamba nyuma ya ndege, na kila fundo alilolifunga alilivuta tena, kisha akalirudia kulivuta.

Ukamwambia, "Bwana, mimi ndiye mwenye mzigo, kwa hiyo mimi nakaa mbele."

Akasema, "Karibu, Bwana Nyapara. Kaa."

Ukakaa mbele, pembeni mwake, penye mlango. Siti ukampakata wewe, ingawa alikuwa amenililia mimi, kwa sababu watu wa uwanjani walikuwa wanatazama na ulitaka waone baba na mwana wanapaa. Mimi nikakaa nyuma na chuma. Kapteni alipokwisha kukaa alinyosha mkono ukapita mbele ya kifua chako, akasukuma kijikomeo kidogo kilichokuwa juu ya mlango, karibu na kichwa chako. Kidole chake kilikuwa chekundu kwa tambuu. Wewe hukukiona, ulikuwa unawapungia watu mkono.

Tukapaa. Nakiri ilikuwa raha. Siti alicheka alipoona minazi ya Likoni imekuwa midogo. Na wewe ulikuwa unamwelekeza Kapteni njia, ati hapa ni Tiwi, ati fuata pwani, ati ukiona msitu wa Kinondo ujue tumekaribia Gazi, utadhani anaendesha mkokoteni wa punda na amepotea. Kila ukisema, yeye alikuwa anajibu, "Ahsante." Mbele yetu, upande wa Gazi, mvua ilikuwa imesimama nyeusi. Akasema tutapita upande wa bahari kidogo tuikwepe.

Tulikuwa tumeipita Diani pale injini ilipoanza kukohoa. Ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena. Halafu ikanyamaza kabisa, na lile pangaboi la mbele nikaliona limesimama, kitu ambacho hata mimi nisiyejua chochote nilijua hakifai kusimama.

Baba Siti, unakumbuka kimya kile? Mimi nakikumbuka, ingawa hukukiacha kikae. Nilisikia upepo ukipita kwenye mbawa, na mara nikasikia sauti ya kengele ya baiskeli yako, ila safari hii ilikuwa inatoka kooni mwako. "Geuza! Geuza! Turudishe Mombasa! Muhindi wewe, unatuua!" Ukamkamata Kapteni bega, ukamkamata mkono, ule ule mkono ulioshika usukani. Ndege ikainama upande. Na Siti, uliyempakata ili watu waone, alikuwa ameteleza kutoka mapajani mwako yuko chini, katikati ya miguu yako na ya Kapteni, na kiatu chako kimekanyaga gauni lake. Alikuwa anakuita. Hukumsikia. Mimi nilikuwa nyuma na nilimsikia.

Nimewaza mara nyingi kwamba mtu mwingine angekusukuma. Angekutukana, au angepigana nawe pale pale juu ya bahari, na sote tungekwenda chini tukiwa tunasikiliza matusi. Kapteni Yusufali hakufanya hivyo. Alizungumza kwa sauti ya chini kuliko ile aliyotumia asubuhi kutuuliza kama tumekunywa chai.

"Bwana Nyapara," alisema.

Wewe ukaendelea kupiga kelele.

"Bwana Nyapara, nina kazi nawe, na hapa hakuna mwingine wa kuifanya. Mlango huo ukifunguka tumekwisha. Mimi mikono yangu ina shughuli. Kamata kishikio hicho, kivute kwako kwa nguvu zako zote, na usikiwate mpaka nikwambie."

Ukamwachia mkono. Ukaurukia mlango. Ukakamata kile kishikio kwa mikono miwili, ukauma meno, ukafumba macho, ukajivuta nyuma mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Hapo Siti amekuiga vizuri sana, hukumfundisha uongo.

Kisha akasema, "Mama." Bila kugeuka.

Nikasema, "Labeka."

"Mtoto yuko chini hapa. Mvute kwako taratibu, kisha mfunge kifuani kwa leso, mfunge kama unayempeleka safari ya mbali."

Nikainama juu ya kiti, nikampata mkono, nikampandisha. Kiatu chako kilinipa taabu kidogo, ilibidi nilivute gauni likachanika. Nikamfunga kifuani kwa leso zote mbili, na vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, kwa sababu fundo la kubebea mtoto nimelifunga tangu nikiwa mdogo nabeba wadogo zangu. Alikuwa amenipa kazi ninayoijua. Nilipomaliza nikaona kwamba hofu yangu ilikuwa imepungua kwa kiasi cha kuweza kupumua.

Akamgeukia Siti pia. "Binti, niangalilie mchanga mweupe. Ukiuona, niambie upesi." Mtoto akaacha kulia akashika zamu. Akachungulia dirishani, akasema, "Ule!" Kapteni akamwambia, "Nimeuona. Ahsante sana, binti." Nadhani alikuwa ameuona kabla injini haijamaliza kukohoa.

Na kila jambo alilotaka kufanya alitwambia kabla hajalifanya. Alisema anazunguka upande wa nchi kavu. Alisema maji ni ya bamvua, bahari imetoka mbali, mchanga wa chini ni mgumu kama barabara. Alisema tutagonga mara ya kwanza, tutaruka kidogo, tutagonga tena, tusishtuke. Na muda wote huo alikuwa anatafuna tambuu yake. Nilikuwa naiona taya yake kwa upande, nikajiwekea moyoni kwamba taya ile ikisimama ndipo nitakapoanza shahada. Haikusimama. Wala haikwenda mbio.

Mchangani palikuwa na wanawake wa Diani wanatoka mwambani kuchokoa pweza. Kapteni akazipunga mbawa za ndege, huku na huku, ili waondoke. Wao wakadhani wanaamkiwa. Ndege ya kuwaamkia watu haijawahi kuonekana pwani ile, nao ni watu wa adabu zao, basi wakavua leso za kichwani wakazipunga, wakasogea katikati ili waonekane vizuri. Mimi nikafumba macho. Nikamsikia akisema, "Wanatuamkia hawa. Basi tuwapishe," kwa sauti ya mtu anayempisha mzee kwenye kichochoro. Ndege ikaegemea upande wa maji, ikapita pembeni yao, ikagonga, ikaruka, ikagonga, maji yakarukia vioo vya madirisha, bawa moja likakwaruza mchanga, tukazunguka nusu, tukasimama. Lile gurudumu la chuma mgongoni mwangu halikusogea.

Ndipo Kapteni alipouokota mkebe wake akatema.

Na wewe? Wewe ulikuwa bado umeukamata mlango. Akakwambia, "Basi, Bwana. Uwate sasa." Ukauachia, kisha ukausukuma utoke. Haukufunguka. Ukausukuma kwa bega, ukapiga kelele kwamba mlango umekwama, tutaungua humu ndani. Kapteni akanyosha mkono mbele ya kifua chako, kama alivyofanya Mombasa, akakirudisha kile kijikomeo cha juu kwa kidole chake chekundu. Mlango ukafunguka wenyewe. Ukaruka nje wa kwanza, ukatuacha.

Sasa umeelewa, au nikueleze polepole? Mlango ulikuwa umefungwa tangu Mombasa. Kishikio ulichokivuta hakifanyi kazi yoyote mpaka kile kijikomeo kisogezwe kwanza. Ungeweza kukivuta, kukisukuma, kukibusu, mlango usingejua kama upo. Kapteni alikuwa na mtu mwenye wazimu pembeni ya usukani wake, akampa kitu cha kushika.

Nilimuuliza. Wewe ulikuwa umekwenda kutafuta watu wa kulinda chuma, nami nilikuwa nimeketi kwenye kivuli cha bawa nampa Siti maji. Nikamwambia, "Kapteni, mlango ule ulikuwa na komeo."

Akacheka kidogo. "Uliona?"

"Niliona."

"Mama, hofu si aibu. Mimi pia nilikuwa nayo, nilikuwa naitafuna. Lakini mwenye hofu asiye na kazi huishika kazi ya mwenziwe. Nikamtafutia ya kwake."

"Na angekataa?"

"Hawakatai. Hakuna anayekataa kuambiwa kwamba yeye ndiye tegemeo." Akatazama upande uliokwenda wewe. "Msitiri, mama. Mwache nao mlango wake, haukumgharimu mtu kitu."

Nikakusitiri. Naapa sikuwa na nia nyingine. Hata lile jambo la kanzu nililisitiri. Bahari ilikuwa imetoka kule mwambani, Baba Siti, na wewe uliruka kwenye mchanga mkavu, na kanzu yako ilikuwa imelowa mbele. Mmoja wa wale wanawake wa pweza aliiona, akaniangalia, akainamisha uso akajitia kufunga kikapu. Watu wa Diani nao wana sitara zao.

Na tafadhali usije ukasema kwamba nakudharau kwa kuogopa. Mimi niliogopa, Siti aliogopa, Kapteni mwenyewe alisema aliogopa. Hilo ningelisahau kabla nguo hazijakauka. Ninalokudharaulia ni kwamba ulipotoka mle ndani mzima hukumuuliza mtu hata mmoja, "Mko salama?" Siti bado amefungwa kifuani mwangu, na wewe umezungukwa na wale wanawake na pweza zao mikononi, unawaambia, "Muhindi alipigwa na butwaa. Nisingeushika mlango, saa hii tungekuwa chakula cha papa." Kapteni alikuwa karibu anachunguza bawa lake. Alisikia, kama alivyosikia uwanjani. Akaendelea kuchunguza bawa.

Meneja wenu akakuamini, akakupandisha cheo. Na hadithi ikaanza kunenepa. Mwaka wa kwanza Kapteni alipigwa na butwaa. Mwaka wa pili alikuwa analia. Kisha nikasikia, kwenye matanga ya watu, kwamba alikuwa anamwita mama yake kwa Kihindi. Mara ya mwisho nilipoketi kuisikiliza alikuwa amekwisha kukuachia usukani, na wewe unaushika kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine. Nikakutazama ukila na kusimulia, nikawa nahesabu mikono yako.

Na kila ukifika mwisho ulikuwa ukinigeukia: "Si kweli, Mama Siti?" Nami nikijibu, "Kweli, aliushika mlango." Hilo lilikuwa jibu langu moja kwa harusi zote na matanga yote, na halikuwa uongo. Mpaka kwenye harusi ya mdogo wangu kule Kikoneni. Sinia za pilau zilikuwa zimewekwa, wageni wamekaa, ukasimulia, ukageuka, ukauliza. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Sikusema kweli, sikusema uongo. Nilikutazama tu nikala pilau yangu. Mtu mmoja akacheka, sijui alicheka nini. Kesho yake nikapata talaka yangu.

Watu wanasema tuliachana kwa ajili ya mke wa pili. Waache waseme. Mke wa pili ningempokea, walau ningepata mwenzangu wa kucheka naye ukianza na mlango. Uliniacha kwa sababu ya kunyamaza. Rubani wa watu alinyamaza akatuokoa, mimi nikanyamaza nikaachwa, na wewe ambaye hujawahi kunyamaza ndiye unayeitwa shujaa kwenye mabaraza ya Ramisi. Nikilifikiria sana jambo hili nashindwa hata kukasirika, nasonya tu.

Sasa sikiliza neno langu la leo. Kwa Siti sijasema chochote. Si komeo, si kanzu, si kiatu juu ya gauni. Ukifika Jumatatu ukadai kwamba nimemlisha maneno, utakuwa umeongeza uongo mwingine juu ya ule wa zamani, na mbele ya kadhi si mbele ya sinia. Nilitaka awe na baba wa kumfikiria vizuri. Mtoto anayemdharau baba yake hubeba mzigo mzito, na mimi sitaki mzigo wangu uwe wake.

Na nitakwambia kitu ambacho hukukitarajia. Wewe hummenyea Siti miwa. Nimekuona, tangu alipoota meno. Unaondoa ganda, unatoa vifundo, unaikata vipande vidogo vidogo vya kutosha mdomo wake, unaviweka kwenye sahani na kuvifunika visiingiliwe na nyuki. Unakaa naye mpaka amalize. Hujawahi kumsimulia mtu jambo hilo. Ungeniambia kwamba Jumatatu utasimama mbele ya kadhi useme, "Mimi nammenyea mwanangu miwa," ningetetemeka hapa nilipo, maana hilo ni kweli, na Siti analijua. Ningeogopa kumkosa. Lakini unakwenda na mlango. Umepewa mtoto anayekupenda bure, na wewe umekwenda kumtafutia sababu ya kukupenda kwenye kitu ambacho hata hakikukuhitaji. Pole.

Nirudi jikoni, maana sikumalizia.

Siti alikuwa ameushika mlango wa jiko kwa mikono miwili, anakuiga, nami nimempa mgongo nakoroga mchuzi. Nikageuka. Mikono ilikuwa bado iko mlangoni, lakini alikuwa anaitazama, kwanza mmoja, kisha wa pili.

Akasema, "Mama. Baba aliushika mlango hivi? Kwa mikono yote miwili?"

Nikasema, "Hivyo hivyo."

"Na mimi nilikuwa nimepakatwa na Baba?"

"Ulikuwa umepakatwa na Baba."

Akauachia mlango. Akatazama pindo la lile gauni jipya ulilomnunulia, akalishika kwa vidole. Halafu akaniuliza, "Sasa mimi nilishikwa na nani?"

Ningeweza kumjibu, Baba Siti. Jibu lilikuwa limefika mdomoni, ningelitema kama Kapteni. Badala yake nikatia chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi, nikamwambia, "Hilo kamuulize Baba yako." Akasema atakuuliza. Nikamwambia mtakuwa pamoja Jumatatu, atakuuliza siku hiyo. Tangu hapo ananiuliza kila asubuhi kama leo ni Jumatatu.

Basi njoo, na njoo mapema. Vaa kanzu safi. Atakapokuuliza usimpigie kelele, na usinigeukie mimi useme, "Si kweli, Mama Siti?" kwa kuwa nitakuwa nimeketi na leso zangu mbili mapajani nangoja kusikia, kama kadhi. Kama unalo jibu la kweli, hata liwe dogo namna gani, mpe, huenda likakufaa kuliko ndege yote. Kama huna, usihangaike kutafuta cha kushika. Mlango wa kadhi huachwa wazi mchana kutwa.

Kwaheri mpaka hiyo Jumatatu.

Ni mimi uliyemkalisha nyuma na chuma,
Mama Siti